Wazazi wa Mtoto Asiyesema

Masomo: Yohana 9:1-23, Mithali 31:1-9



Tunawasalimu nyote, ninyi wa bloki za juu na ninyi wa kule bondeni, pamoja na jamaa zetu waliofika majuzi kutoka Kivu na Ituri ambao bado wako kwenye kituo cha mapokezi wakisubiri kiwanja. Tunamshukuru Mungu kwa mvua. Mahindi yamesimama, na maharage ya msimu huu yanaleta tumaini.

Katika toleo hili tulikuwa tuendelee na Waraka kwa Waefeso. Tumeuweka kando kidogo, kwa sababu umoja wa akina mama umetuletea jambo moja mara tatu sasa, na jambo likiletwa mara tatu mbele ya kanisa halifai kuendelea kungoja zamu. Ni habari ya watoto wetu fulani. Mtoto amefika miaka mitano, saba, hata tisa, na hasemi. Au analo neno moja analolirudia mchana kutwa. Ukimwita hageuki, lakini sufuria ikifunikwa jikoni kwa jirani anasikia. Ngoma ya kwaya ikianza anaziba masikio na kupiga kelele. Anapanga vizibo vya soda mstari mmoja, na ukihamisha kimoja analia saa nzima. Anatoka nyumbani mbio bila kuogopa barabara wala maji. Mnawajua watoto hao. Mnajua pia majina wanayoitwa, ambayo hatutayaandika kwenye karatasi ya kanisa.

Hali hiyo inaitwa usonji. Waliotibiwa kwa Kifaransa huenda walisikia daktari akisema otisimu. Haiambukizi. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo wa maisha yake, hata akasikia, akaona na kuzoeana na watu kwa njia tofauti na wenzake. Hailetwi na ukali wa baba wala uvivu wa mama. Hailetwi na chanjo pia: makala iliyoeneza hofu hiyo ilitoka katika jarida moja la madaktari la Uingereza mwaka 1998, na jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010, kwa hiyo pelekeni watoto wakachanjwe. Tena watoto hawa hawafanani. Yuko asiyesema kabisa, na yuko anayesema sana, anayesoma vizuri, ila hajui namna ya kucheza na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu mwenyewe: makazi yenye watu 100,000 yangekuwa nao kama 790. Sasa, ndugu, Jumapili tunawaona wangapi? Wawili, watatu. Wengine wako nyuma ya mlango.

Tufungue Yohana 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu hawakuuliza anakula wapi, wala nani humshika mkono akivuka njia. Waliuliza habari ya kosa: je, ni lake au ni la wazazi wake? Walimgeuza mtu akawa swali la darasani. Bwana alijibu kwa kifupi kwamba si yeye na si wazazi wake, kisha akatema mate chini, akafanya tope, akaanza kazi.

Swali lile la wanafunzi halijafa. Hapa kambini linaulizwa kwa lugha zetu zote. Huyu anasema mama alikanyaga kitu akiwa mjamzito. Yule anasema baba alichukua mali ya watu kule nyuma wakati wa vita, na sasa analipa. Wengine wanasema ni laana ya ukoo kwa sababu mahari haikumalizika. Na liko neno baya kuliko hayo, wanaposema kwamba huyo ni mtoto wa msituni. Hapa tunaomba mnyamaze kidogo na kufikiri. Wako dada zetu katika kanisa hili waliopata mimba kwa nguvu wakati wa kukimbia. Mtu anayelitamka neno hilo kisimani anamchoma mama huyo kidonda juu ya kidonda, na atajibu mbele za Mungu.

Tusidhani kwamba ni wanakijiji tu waliouliza hivyo. Wenye elimu kubwa nao waliuliza, tena kwa vitabu vinene. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, aitwaye Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na kutoka hapo usonji ukaanza kujulikana kwa jina kati ya madaktari. Lakini katika miaka iliyofuata wataalamu wengi walishika wazo kwamba mtoto amekuwa hivyo kwa sababu mama yake ni baridi, hana upendo. Waliwafananisha akina mama hao na friji. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilichouzwa sana, na ndani yake aliifananisha hali ya watoto hao na ya wafungwa wa kambi za Wanazi. Maana yake mzazi anakaa mahali pa mlinzi wa kambi. Na Bettelheim mwenyewe alikuwa mkimbizi! Alifungwa Dachau na Buchenwald, akaponea kufika Marekani mwaka 1939. Tunalisema hili kwa sababu sisi pia ni watu tulioteswa, na mtu aliyeteswa anaweza kabisa kumtwika mwenzake mzigo usio wake.

Kwa hiyo fikirini hali ya mama wa Marekani wa wakati ule. Alikuwa na nyumba ya umeme, gari, hospitali karibu, lakini alipompeleka mtoto kwa daktari alirudi ameambiwa kwamba yeye ndiye ugonjwa. Shule ilikuwa na haki ya kumkataa mtoto wake. Angesema na nani? Mtu aliyehukumiwa hawezi kwenda ofisini kudai kitu. Anapita pembeni ya njia, anafunga dirisha, anaomba tu jirani wasisikie.

Waliovunja ukimya ule walikuwa wazazi. Bernard Rimland alikuwa mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi na jeshi la majini huko San Diego, na mwanawe Mark alikuwa na usonji. Alikataa kuamini kwamba mke wake ndiye chanzo. Alisoma kila alichoweza kupata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba jambo hili ni la mwili na ubongo, wala si la mama kukosa upendo. Na Kanner, yule daktari wa kwanza, ndiye aliyeandika dibaji yake. Barua zikaanza kumiminika kutoka kwa wazazi waliodhani wako peke yao. Novemba 1965 wakakutana katika nyumba ya mtu huko Teaneck, New Jersey, wakaanzisha chama chao cha taifa. Wenzao wa Uingereza walikuwa wameanza huko London mwaka 1962, na miaka mitatu baadaye walikuwa na shule yao wenyewe mtaa wa Ealing.

Angalieni ilivyoanza, wapendwa. Hapakuwa na ufadhili, hapakuwa na semina yenye posho. Palikuwa na sebule ya mtu, viti vya kuazima, na wazazi waliochoka kulia kila mmoja kwake.

Kati yao alikuwako mama mmoja, Ruth Sullivan, aliyesomea unesi, mama wa watoto saba, na mmoja wao, Joseph, alikuwa na usonji. Akawa rais wa kwanza wa chama hicho aliyechaguliwa na wanachama. Aliishi Huntington, mji wa West Virginia, na kwa miaka mingi alijibu simu na barua za wazazi akiwa nyumbani kwake, huku analea. Mama huyu na wenzake walikwenda kwa wabunge. Walikuwa wanajua tarehe, wanajua majina ya shule zilizowakataa watoto, wanajua sheria inasema nini na hainenI nini. Pamoja na wazazi wa watoto wenye ulemavu mwingine waligonga mlango mpaka tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria iliyosema kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusomeshwa bure katika shule ya umma. Bunge lao lenyewe liliandika katika sheria hiyo kwamba watoto milioni moja walikuwa wamefungiwa nje kabisa. Milioni moja, katika nchi tajiri kuliko zote! Na hata hapo haikuisha. Usonji haukutajwa kama kundi lake peke yake katika sheria hiyo mpaka mwaka 1990. Kutoka ile sebule ya 1965 ni miaka 25. Yule mjane wa Luka 18 aliyemrudia kadhi mpaka akamchosha, tunamhubiri kila mwaka kama habari ya maombi, na ni kweli ni habari ya maombi. Lakini mahali alipokwenda yule mjane palikuwa ofisini.

Na lile shitaka juu ya akina mama je? Mwaka 1969 chama cha wazazi kilifanya mkutano wake mjini Washington. Leo Kanner, sasa mzee, alisimama mbele yao akawatangazia wazazi kwamba hawana hatia. Jibu ambalo Bwana alilitoa kwa dakika moja njiani Yerusalemu, elimu ya dunia ilichukua zaidi ya miaka 25 kulifikia. Lakini angalieni vizuri: wazazi hawakungoja watangaziwe kwamba hawana hatia ndipo waanze kazi. Walianza mwaka 1965 wakiwa bado wanasingiziwa.

Tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Nchini Kenya wazazi walianzisha chama chao cha usonji mwaka 2003, na kwa kushirikiana na wizara ya elimu kikapatikana kitengo cha watoto hao ndani ya shule ya kawaida ya serikali, City Primary, jijini Nairobi. Shule ya umma, si ya matajiri. Tarehe 18 Desemba 2007 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la Qatar, uliitenga tarehe 2 Aprili ya kila mwaka kuwa siku ya kuufahamisha ulimwengu juu ya usonji.

Sasa turudi kwenye sura yetu, maana iko sehemu ambayo wahubiri huwa tunaipita haraka. Yule kipofu alipokwisha kuona, wakubwa waliwaita wazazi wake (mst. 18-23). Waliulizwa: huyu ni mwana wenu? Alizaliwa kipofu? Basi sasa anaonaje? Wakajibu mawili ya kwanza. La tatu wakalirudisha kwa mtoto, ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Yohana anatupa sababu. Waliogopa, kwa kuwa ilikwisha kuamuliwa kwamba atakayemkiri Yesu atatengwa na sinagogi.

Hatuwacheki wazazi hao. Kutengwa na sinagogi kulikuwa kupoteza soko, ndoa za watoto, hata watu wa kukuzika. Mkimbizi anaijua hofu hiyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Tulishajifunza kwamba aliyejibu maswali mengi barabarani hakufika, na aliyenyamaza alivuka mpaka. Ukimya ulituokoa. Kwa hiyo hatushangai kuona mzazi amefika hapa na ukimya ule ule, akauweka juu ya mtoto kama blanketi.

Lakini hapa ukimya unafanya kazi gani? Mwaka 2018, wakati wakimbizi wote wa Uganda walipohakikiwa kwa alama za vidole na kwa macho, zilikuwako familia zilizomwacha mtoto kwa jirani, kwa sababu mtu alisema: akiandikwa kuwa ana shida, faili yenu ya kwenda ng'ambo itafungwa. Uvumi huo bado unatembea. Tunataka kuusema ulivyo. Mtoto ambaye hakuhakikiwa hana jina kwenye kadi ya familia, na asiye na jina hana rasheni. Tangu mwaka 2023, chakula kilipopungua, WFP iligawa kaya katika makundi kwa kadiri ya uhitaji; kaya iliyoficha uhitaji wake itahesabiwaje? Na kuhusu safari: mwaka 2010 mataifa yanayoiongoza HCR yalipitisha azimio, namba 110, juu ya wakimbizi wenye ulemavu, wakitaka watambuliwe na kuandikishwa mapema, tena wawe na nafasi sawa na wengine katika suluhisho la kudumu, pamoja na kuhamishiwa nchi nyingine. Sheria ya uhamiaji ya Canada humkataa mgeni ambaye matibabu yake yatailemea nchi, lakini inawasamehe wakimbizi katika kipengele hicho. Hatumwahidi mtu safari. Safari iko mikononi mwa nchi zinazopokea, na milango yao hufunguka na kufungwa wanavyotaka. Tunachokisema ni kwamba hakuna sababu ya kumwacha mtoto nyuma ya mlango kwa ajili ya faili.

Tuseme na juu ya maombi, maana mnangoja tuseme. Wako wanaoshika Marko 9, yule kijana aliyekuwa na pepo bubu, wakasema mtoto asiyesema ana pepo bubu, basi afungwe, anyimwe chakula siku tatu, apigwe ili atoke. Tumefundishwa chuoni, na kila mwenye Biblia anaweza kuona, kwamba Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi mbali, wala haiwachanganyi. Si kila anayeugua ana pepo, na si kila asiyesema ana pepo. Na hata katika Marko 9, Bwana alianza na nini? Alimwuliza baba: amepatwa na haya tangu lini? Akamwacha mzazi aeleze, tangu utotoni, mara motoni, mara majini. Mwana wa Mungu, anayejua yote, alimsikiliza baba kwanza. Hakumpiga kijana. Hakumfunga. Alimshika mkono, akamwinua. Mtu anayempiga mtoto wa miaka saba kwa jina la Yesu anamsingizia Yesu. Katika kanisa hili tutawaombea watoto hawa kwa upole, mzazi akiwa amewashika, kama tunavyowaombea watoto wote, na atakayekuja na kamba ataonyeshwa njia ya kutokea.

Kamba iko nyingine, nayo tuitaje kwa huruma. Mama mmoja alituambia kwamba akienda shambani humfunga mwanawe mguu kwa kitenge, kwenye nguzo ya nyumba. Si mkatili. Barabara ya malori iko hatua chache, kijito kiko upande wa pili, na mtoto anakimbia. Mume alibaki kule. Asipolima hawali. Nani atamhukumu? Anayetaka kumhukumu na aende kwanza akakae na mtoto huyo kuanzia saa moja mpaka saa saba. Na huo ndio wito wetu kwa kanisa: zamu. Tunatafuta nyumba ambazo ziko tayari kukaa na mtoto mmoja asubuhi moja kwa juma, wawili wawili, watu wazima wanaojulikana, mahali pa wazi. Vijana wa kwaya watusaidie kujenga ua wa miti kuzunguka nyumba zilizo karibu na barabara. Hiyo ni kazi ya Jumamosi mbili tu.

Lakini zamu haitoshi, na hapa tunafika kwenye Mithali 31. Sura hiyo tunaisoma kwenye harusi kwa sababu ya mke mwema, tukisahau mwanzo wake. Mstari wa kwanza unasema kwamba maneno hayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Na mama huyo alimwagiza nini mwanawe mfalme? Afungue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kusema, ahukumu kwa haki, amtetee maskini (mst. 8-9). Ni mama aliyeingiza neno la bubu ndani ya ikulu. Basi mzazi anayekwenda kwa mwenyekiti wa RWC, au kwa komandanti wa Ofisi ya Waziri Mkuu, kudai nafasi ya mtoto wake shuleni, hakosi imani na wala hana kiburi cha mgeni asiyejua kushukuru. Maneno hayo tumeyasikia pia: ninyi wakimbizi mshukuru mnachopewa. Tunashukuru, sana. Nchi hii imetupa ardhi ya kulima, na si nchi nyingi zinazofanya hivyo. Lakini anayeshukuru anaweza pia kuuliza.

Tena tunachouliza kimo katika sheria za nchi hii yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ina sheria yake ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2020. Bungeni wako wabunge watano wanaowakilisha watu wenye ulemavu, na katika halmashauri za wenyeji wako madiwani wao. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala. Kwa hiyo mwalimu mkuu mmoja alipomwambia mama mmoja wa bloki yetu amrudishe mtoto siku atakapoweza kusema, hakumjibu kwa sheria. Huenda alimjibu kwa uchovu, kwa kuwa darasa lake lina watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, na sisi hatutaki kugombana naye. Tunataka apate mwalimu wa pili. Barua yetu itamsaidia na yeye.

Tumekubaliana na akina mama wanne walioanza kukutana chini ya mwembe wa shule ya Jumapili kwamba madai ya kwanza yawe machache. Mtaalamu afike kuwapima watoto hapa hapa, kwa maana nauli ya bodaboda na basi kwenda mjini ni mavuno ya mtu. Mwalimu mmoja mwenye mafunzo ya elimu maalumu apangwe katika shule iliyo karibu. Na maafisa wanaoandika orodha ya PSN wafundishwe usonji ni nini, kwa sababu mpaka sasa mtoto anayetembea na kuona anaandikwa hana shida. Barua itaandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nakala moja ibaki na mhuri wa kupokelewa. Mkisikia mtu amesema barua imepotea, tutapeleka nyingine.

Akina baba, tunawaomba kwa jina. Mpaka sasa chini ya mwembe wako akina mama peke yao, na mzee mmoja anayelea mjukuu. Yule wa Marko 9 aliyelia mbele ya umati alikuwa baba. Rimland alikuwa baba.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane mchana, baada ya mazoezi ya kwaya. Wa makanisa mengine na jirani zetu Waislamu wakaribishwe pia, kwa kuwa watoto hawa wako katika nyumba zote. Njooni na watoto, msiwaache. Njooni na kadi ya familia, kadi ya kliniki kama ipo, na daftari dogo ambamo mmeandika mtoto alianza lini kutembea, alisema neno gani na aliliacha lini, analala saa ngapi, anaogopa nini. Asiyejua kuandika atamkuta katibu wa umoja wa akina mama kuanzia saa saba. Kuanzia Jumapili ijayo ngoma kubwa itahamishiwa upande wa kushoto, na mlango wa nyuma wa kulia utabaki wazi ibada nzima, na mkeka umetandikwa nje chini ya kivuli kwa mtoto anayehitaji kutoka na kurudi. Wahudumu wa mlango wameambiwa wasimzuie.